Walimu Watatu wa Siku Moja

Jumanne, 8 Februari 1983

Watoto wadogo wa nasari, tisini na mmoja. Mwalimu mmoja — mimi. Leo nilikuwa nje namwosha Apondi, amejichafua, huku ndani Otiende akapanda dirishani akaanguka. Ameshonwa paji la uso, nyuzi tatu. Mamake hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mwaka mzima nimeandika barua kuomba mwalimu wa pili, na hakuna hata moja iliyojibiwa!

Alhamisi, 10 Februari

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Mbuthia, amekuja mbio. Inspekta anakuja kesho. Nikafurahi — aje ajionee! Mzee akasema thubutu. Akikuta mwalimu mmoja ataifunga nasari, na wazazi wa hapa Mbotela wote wako kazini, watoto watabaki na nani? Dawa anayo. Jecinta, mpishi wetu wa uji, avae nguo ya kanisani awe mwalimu. Binti yake Waringa, anayeuza viatu vya akala, vya matairi, sokoni Kariokor, naye awe mwalimu. Mimi nikae kimya tu.

Nimekasirika. Lakini nimekubali. Jioni nimemfundisha Jecinta kushika chaki.

Ijumaa, 11 Februari

Inspekta amekaa dakika ishirini. Dakika ishirini, watoto tisini na mmoja! Waringa aliwaimbisha, sauti nzuri kweli. Jecinta alisimama ubaoni kama amepigiliwa misumari. Mara Apondi akamvuta sketi: "Mama Uji, leo hutupei?" Nikajua tumekwisha. Inspekta akacheka, akasema watoto wakimzoea mwalimu hivyo ni dalili nzuri. Akaandika. Mzee Mbuthia akamsindikiza mpaka kwa gari, amembebea mkoba.

Kabla hajatoka, mlangoni, inspekta aliniuliza kama kuna shida yoyote. Nikasema hakuna. Mimi huyu!

Jumatano, 2 Machi

Barua imekuja kutoka ofisi ya elimu. Zangu zimekaa mwaka bila jibu, hii haikufika hata wiki tatu. Inasema nasari yetu ina walimu watatu, inatosha. Kuna nyingine haina hata mmoja. Basi mwenye cheti cha ualimu ahamie huko kuanzia Jumatatu.

Mwenye cheti ni mimi.

Mzee Mbuthia aliisoma mara mbili, akavua kofia. Nikamwambia twende ofisini tukaseme ukweli. Akasema, Mwalimu Perez, tukisema ukweli wanafunga, na wewe ndiwe uliyeulizwa ukasema hakuna shida. Nilitamani kumtupia rejista. Kibaya ni kwamba hakukosea. Waringa alirudi Kariokor siku ile ile ya ukaguzi, hajakanyaga hapa tena.

Alhamisi, 3 Machi

Nimeandika barua ya kukataa, nikaichana. Nimeandika nyingine, inaeleza kila kitu, hata nguo ya kanisani. Iko mkobani.

Saa nne Jecinta aliingia darasani, anajifuta mikono kwa leso. Hajui kusoma — inspekta hakumuuliza! Kwa sauti ya chini akasema Jumatatu ni yeye atakayeita majina, akaniomba nimwonyeshe kwenye rejista jina la Otiende ni lipi. Nikamwonyesha. Akaliwekea kidole, akaliangalia sana. Akauliza la Apondi.

Nilikuwa na hasira, lakini hasira si yake. Nikamwonyesha na la tatu, na la nne.

Uji umeungua. Tumefika jina la kumi na mbili.