Bwana Afya Ananiita Mimi

Wifi Skola,

Watu wamemaliza kuja. Mwanzoni nyumba ilijaa, wengine walilala hadi barazani. Sasa kila mtu amerudi kwake, nami nimebaki hapa Lituhi na viti vyetu viwili.

Nakuandikia kwa sababu ya paka wako. Unajua sikuwa mtu wa paka. Ulimwita Bwana Afya kwa kuwa kila asubuhi alikagua masufuria kabla yetu, na alipolia ulimjibu. "Ehe, halafu?" Analia tena. "Kumbe. Na wewe ukafanyaje?" Mimi niko uani naanika usipa, dagaa wetu wa ziwani, nasema, "Wifi, huyo paka haelewi Kiswahili." Ukanijibu, "Basi nitahamia Kinyasa."

Baada ya mazishi alianza kulia sana. Mlangoni kwako, jikoni, nyuma yangu nikienda kuteka maji. Nikimpa samaki anakula, kisha analia. Nilidhani anakutafuta wewe, na kila alipolia ilikuwa kama nimeambiwa upya kwamba umekufa. Kaka yako Damiani alipokuja kuniangalia akasema, "Shemeji, paka anayelia kwenye nyumba ya msiba anaita mwingine. Mtoe." Sikuamini. Ila nilikuwa nimechoka.

Nikamtia kwenye tenga, nikafunga kanga juu, tukapanda basi kwenda Mbinga. Alilia njia nzima, abiria wakawa wanageuka kututazama. Nilikuwa nampeleka kwa Mzee Salumu, yule muuza nafaka tuliyenunua mchele kwake kipindi kile ulipolazwa. Ghala lake lina paka wengi wa kufukuza panya, nikaona mmoja zaidi hatamsumbua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Pole sana na msiba."

Nikafungua tenga.

Wifi, akanyamaza. Paka wa ghalani walimzunguka, wakanusana, mmoja akalaza masikio, mwingine akapita zake na mkia juu. Hakuna aliyelia. Mzee Salumu akanipa kigoda, tukakaa tukiwatazama. Baadaye Bwana Afya akatoka kati yao, akaja miguuni pangu, akanitazama usoni, akalia.

"Unaona?" mzee akasema. "Paka wakubwa hawaliliani hivyo, labda wagombane au watafutane madume na majike. Kulia hivi ni kwa mtoto wa paka anapomwita mama yake. Akikua anaacha. Ila anayeishi na mtu haachi, kwa sababu mtu humjibu. Huyu alikuwa anajibiwa na nani?"

Nikasema, "Wifi yangu."

Mzee akasema taratibu, "Kama anamkumbuka, hilo mimi silijui. Lakini sauti hiyo anakupa wewe. Amezoea kwamba akisema, mtu naye anasema."

Nikamrudisha kwenye tenga, tukapanda basi la kurudi.

Tangu siku hiyo namsikiliza. Nikiingia kutoka shamba anatoa sauti fupi, inapanda juu kidogo, hiyo ni salamu. Akitaka kufunguliwa anaivuta ndefu. Kwenye masufuria anakatakata, haraka haraka, na hapo nampa haki yake. Lakini kuna moja anayoitoa alasiri, amekaa katikati ya chumba. Nimempa chakula, amekataa. Nimefungua mlango, hakutoka. Nadhani haombi kitu. Mimi pia nina sauti ya namna hiyo siku hizi, ila sikuwa na wa kumtolea.

Juzi aliitoa, nikajikuta namweleza kwamba nguruwe wamechimba mihogo yetu ya bondeni. Akalia. Nikamwambia chumvi imeisha na sitaki kwenda dukani kwa sababu wataniuliza hali, na sijui niwajibu nini. Akalia tena, nami nikaendelea. Nilishtuka kusikia sauti yangu mwenyewe ndani ya nyumba. Nilikuwa sijaisikia tangu wageni waondoke. Mama Tekla akaniuliza kutoka uani kwake kama nimepata mgeni. Nikamwambia hapana. Halafu nikalia, wifi. Nililia vizuri, na paka alikaa tu pale, hakuondoka.

Nisikudanganye, bado ni kimya sana huku. Mchana ndio mbaya zaidi, wanawake wakirudi kutoka ziwani wawili wawili na beseni zao. Ugali naendelea kusonga wa watu wawili, mkono umeshazoea. Damiani nimemwambia paka haondoki. Akaguna, yakaisha.

Pumzika, wifi yangu. Kaburi lako nitalipalilia mvua zikianza, nisije nikakuta majani yamekufunika. Na huyu nitamtunza. Akisema nitamjibu, hata siku ambayo sina la maana.

Naishia hapa. Yuko mlangoni, anaivuta ile ndefu. Ananiita mimi.

Wifi yako,
Mariana