Ngoma ya Zaituni Itasubiri

Mama,

Zaituni, kitindamimba wako, ameanza kidato cha kwanza. Najua utauliza amechezwa unyago lini. Hajachezwa. Mimi ndiye niliyezuia ngoma yake, na nimeona nikwambie mwenyewe.

Ulipotutoka, akina mama wa hapa Naipingo walinikabidhi ukungwi wako, nikaupokea kwa moyo mmoja. Korosho zilipouzwa, Mjomba akaja na tarehe yake: unyago uwe Januari, shule zikifunguliwa, maana ndugu wa Ruangwa ndipo wanapopata nafasi ya kuja. Nikamwambia mtoto asiporipoti shuleni, nafasi inaweza kupotea. Akanijibu, "Mama yako angekubali."

Nikamwambia ndiyo, angekubali. Ndiyo maana mimi sikubali.

Usinikasirikie. Mimi nilikuwa mwali wako, Mama, nimewekwa ndani wakati wenzangu wanavaa sketi mpya za sekondari. Nilipotoka, nafasi yangu ya shule ilikuwa imeshapita. Jioni ile ukanichemshia ming'oko, mizizi ile ya porini, kwa sababu naipenda, tukala, na hukuwahi kulisema hilo mpaka unaondoka. Linaniuma. Nakupenda, na bado linaniuma.

Basi, mila unaijua kuliko mimi: bila kungwi, mwali haingii ndani. Nikakaa kwangu nachambua kunde zangu. Wakaniita mtoto wa juzi, eti naleta laana kijijini. Mjomba akapanda bodaboda hadi Chinongwe kumfuata shoga yako Bi Somoe, ashike kazi badala yangu. Hakujua nimeshampigia simu. Bi Somoe akamwambia, "Baba, mwali wa mwenzangu siingilii. Ngojeni shule zifungwe." Akarudi na vumbi lake.

Wanasema haki ya kusoma imo kwenye katiba. Sawa, imo. Lakini siku ile uani kwetu katiba haikuja kubishana na Mjomba. Nilibishana mimi.

Mjomba hanisalimii hadi leo. Asinisalimie. Zaituni tutamcheza likizo ya Juni, kwa vigelegele na pilau, na shule zikifunguliwa nitampeleka mwenyewe hadi getini.

Pumzika, Mama. Ngoma yako nimeishika na siiachi. Ila maadamu iko mikononi mwangu, hakuna mtoto wa kike wa Naipingo atakayetoka ndani akute shule imemwacha.

Mwanao,
Asha