Rajabu, Faili Nililoshindwa Kulifunga

Mzee wangu Rajabu,

Huku Arua hatujambo. Kiti chako cha masjala bado kipo, na bado kinalia kila mtu akikikalia. Daftari lako la watu waliopotezana na ndugu zao tulipokimbilia Sudan na Zaire mwaka wa sabini na tisa sasa limeingia kwenye kompyuta. Mimi Driciru, uliyenifundisha kazi na kuucheka mwandiko wangu, ndiye ninayelitunza.

Unakumbuka nasi tulivyokucheka? Ulikuwa ukisalimia mafaili. Unaligonga faili mezani, unapuliza vumbi, unaliuliza, "Wewe, iko na habari gani leo?" Tukadhani ni uzee. Naomba radhi, mzee. Lugha ya kompyuta niliyofundishwa inataka hivyo hivyo. Faili unalipa jina, kisha unaliita na kuliamuru: soma, andika, funga. Namna ya kufanya linaijua lenyewe. Basi nililipa jina lako. Naandika rajabu, nukta, halafu amri, na Rajabu anatii bila kudai chai kwanza.

Ila amri moja ilinishinda. Tulikuwa tumekuzika juzi tu, arobaini haijafika, halafu mimi niandike rajabu.close(), yaani Rajabu, funga? Mkono ulikataa. Nikaliacha faili wazi kutwa nzima, programu ikingoja majina. Nilifanya hivyo kwa mapenzi, wallahi, ingawa wewe ndiye uliyetukataza hata kwenda chai kabla ya kufunga uzi wa faili. Ulikuwa ukisema, "Faili iko na mdomo. Kama hufungi, itatapika."

Ikatapika. Asubuhi moja walikuja watu kumi na mmoja kutoka Ludara, nikaandika majina ya wanaowatafuta, kisha jenereta likaishiwa mafuta. Kumbe majina mapya hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya mashine, na ukifunga ndipo unakuwa na hakika yameshuka kwenye diski. Nilipowasha tena, ya zamani yalikuwepo yote. Ya asubuhi hata moja halikuwepo. Nililia, mzee, zaidi kwa ajili ya Mama Keji, mmoja wa wale kumi na mmoja. Siku ile ndiyo alikuwa amelitaja jina la mwanawe kwa mara ya kwanza tangu ampoteze njiani, na ilimchukua saa nzima kulitoa.

Nikapanda lori hadi Koboko, nikaazima baiskeli hadi Ludara. Wale kumi walinicheka, wakanirudishia majina na kunijazia mfuko karanga. Mama Keji aliendelea kumenya karanga zake. Nilijua akikataa, mtoto yule amepotea mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu. Mwishowe akasema, "Kijana yangu ni Lasu. Andika. Lakini saa hii, wewe funga."

Nilirudi nikaandika yote, na mwisho kabisa, rajabu.close(). Nilipolifungua tena, majina kumi na moja yalikuwa yametulia mahali pake, na roho yangu ikapoa.

Ijumaa iliyopita alikuja mwanamume mwenye ndevu kutoka ng'ambo ya mpaka, akauliza kama kuna mama yeyote wa Ludara anayemtafuta Lasu. Nikamwambia Rajabu asome. Rajabu akajibu. Yule bwana akajibwaga kwenye kiti chako, nacho kikalia kabla yake.

Pumzika salama, mzee wangu. Nakuahidi, sitagusa kikombe tena faili likiwa wazi. Leo Mama Keji na Lasu wamekuja kutushukuru, wako nje na birika, wananiita. Chai inapoa. Ngoja nikufunge kwanza, ndipo niende.

Mwanao wa kazi,
Driciru wa Manibe