Sahani ya Ersilia

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla Siku ya Marehemu Wote haijafika, maana mke wangu Ersilia alifariki mwezi wa Machi, na kila mwaka, mkesha wa siku hiyo, yeye ndiye aliyeoka biskuti za lozi, zile tunazoziita maharage ya marehemu, akaacha sahani mezani usiku kucha ili marehemu wetu wakipita wapate cha kutia kinywani, na mwaka huu nikasema nitamwekea yeye, ingawa mimi jikoni ni kama ng'ombe kanisani, nimeshajaribu mara moja na jirani yangu Settimio akaigonga moja mezani akaniuliza, "Bwana Oreste, hizi za kula au za kuezekea?", lakini hilo si tatizo, tatizo ni mama mkwe wangu, Mama Domitilla, aliyemfundisha Ersilia kuzioka, maana nilipomwomba anielekeze alisema, "Nyumba yenye msiba haioki vitu vitamu. Ukiziweka mezani, mkwe wangu, kwako sikanyagi tena," na huyu mama ndiye mtu pekee niliyebaki naye, kila Jumapili tunakula pamoja, sasa nimwudhi aliye hai au nimlaze njaa aliyekufa?

Oreste, Spoleto

Pole sana, Oreste. Sasa kaa nikuseme kidogo.

Mama kafiwa na mtoto, wewe unamwuliza habari za sukari na mayai! Mwiko anaoutaja upo, lakini ni wa vitamu vya sherehe. Biskuti hizi si za sherehe, na Mama Domitilla anajua hilo kuliko mimi na wewe. Jiulize, sahani ile huwekewa nani? Akikubali iwekwe kwa ajili ya Ersilia, atakuwa amemhesabu binti yake miongoni mwa marehemu. Wewe ulimzika Machi. Yeye bado.

Kwa hiyo usioke kwa kificho, wala usibishane naye mambo ya mila. Jumapili hii beba lozi zako na bakuli, keti mezani pake, menya maganda. Sahani usiitaje. Mtaje Ersilia. Akilia, mwache alie, wewe endelea kumenya. Utakosea tu, nakujua sasa, naye hatavumilia kuona. Akikunyang'anya bakuli, mpishe.

Asipolishika, basi mwaka huu meza ibaki tupu, na mle pamoja kama kawaida. Ersilia anaweza kusubiri mwaka, mama yake ni mzee. Zile ngumu mpe Settimio aezekee banda.

Lakini mkizioka, sahani usiiweke wewe. Mwachie mama yake.