Vibandiko vya Stoo

Kwako dada yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa wangu, na kwamba ule mgongo umeacha kukusumbua. Sisi hapa hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana.

Uliuliza kwa nini hunipati kwenye ile simu kubwa. Niliiuza. Nimebaki na ndogo ya vitufe, inapiga na kupokea, basi. Sitaki kujisifu, ila siku hizi najua hata rangi ya mapazia ya jirani, niliyepakana naye miaka sita bila kuyaona.

Mambo yalianzia kazini. Stoo yetu, kama unavyojua, ina utaratibu mmoja. Mzigo ukiingia unabandikwa karatasi yenye tarehe. Ukiguswa, karatasi inabanduliwa. Ukimaliza miezi sita na karatasi yake, unatoka. Jumapili moja nilitafuta mkasi nyumbani, nikapata mikasi minne na chaja kumi na moja za simu tusizokuwa nazo. Kesho yake nikarudi na vibandiko. Wifi yako alicheka mpaka akakaa chini, akanionya kwamba nikithubutu kumbandika yeye, nitahamia stoo moja kwa moja.

Miezi sita ilipotimia, runinga ya chumbani iliondoka, na blenda mbili, na viti vya kukalia nguo. Nguo zenyewe nilimpa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, anayeunga vipande kushona aproni za wapishi. Nyumba ikapumua. Tunakula tukitazamana, na nikifagia namaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Majirani wanakuja kushangaa. Wifi yako anawaambia wavue viatu na tamaa mlangoni.

Sasa nije kwenye barua yako. Umesema unakuja mwezi ujao kuchukua lile sanduku la magauni ya mama, uliloliacha chini ya kitanda chetu baada ya msiba. Umesema miaka mitatu hii hukuwa na moyo wa kulifungua, na sasa unao. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, na kila mara nimeahirisha kukujibu.

Sanduku halipo, dada. Lilibandikwa kama vitu vingine, halikuguswa, likatoka. Wifi yako alinishauri niseme nilipitiwa, ili yaishe. Sikupitiwa. Jina lako lilikuwa juu ya kifuniko kwa kalamu nene, nikalisoma, nikajua ni la nani na ndani mna nini. Lakini chumba kilikuwa kimebaki cheupe, kinapendeza, na sanduku lile tu ndilo lililokuwa likiniharibia. Nikajiambia utaratibu ni utaratibu. Wiki nzima nilijisikia mwepesi, na hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote.

Siku niliyopata barua yako nilikwenda kwa fundi. Alinieleza bila kuficha kwamba magauni alishayakata, ila vipande vingi bado vimo kapuni vimechanganyika na vya watu wengine, nichague vya mama aniwekee. Nilipiga magoti nikavigeuza vyote, vya maua, vya mistari, vya vidoadoa. Mimi ninayejua kila boksi la stoo lilipo, sikutambua hata kimoja. Mama alinibeba na kunilea akiwa ndani ya nguo hizo, na sikuwahi kuziangalia. Fundi alisubiri kidogo, kisha akaendelea kushona.

Nimemwomba asiliguse kapu mpaka ufike. Njoo, dada, hata kama hutanisemesha. Wewe utavijua.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Kama utaamua kuwaeleza nililofanya, waeleze lote.

Ni mimi mdogo wako,
Bwana Stoo