Deizi Alivyozalia Ukumbini, na Jumba Likapata Mnunuzi

Mke wangu Mama Bura,

Kabla hujasoma zaidi, vuta kigoda ukae, maana habari nilizo nazo si za kusomwa mtu akiwa amesimama. Hujambo? Goti lako la kushoto linasemaje? Mvua zimeshika huko Tumati, au bado mnaangalia juu tu? Na Bura wetu anaendeleaje kule shamba la ngano? Bado yuko kwenye trekta, au wameshamwona ni mtoto wa nani wakampa kombaini? Mimi huku ni mzima kupita kiasi. Baridi ya Uingereza imejaribu kuniua mara mbili, ikakata tamaa.

Barua yako ilifika. Niliijua ni ya mwandiko wa Bura lakini maneno ni yako, maana Bura hana ukali huo. Uliandika hivi: "Baba Bura, wewe ukiona mlima unasema umeupanda, ukiona ng'ombe unasema umemzaa. Mimi sitaki habari za majumba. Nataka kujua jambo moja, unarudi lini? Miaka mitatu inatosha. Ukiongeza mwaka mwingine nitamwambia Padri aniandike mjane, nipate msaada wa mbegu." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu sikucheka tena.

Jibu liko humu humu kwenye barua hii. Lakini siwezi kukupa kabla ya kukueleza mambo ya juzi, kwa sababu jibu lenyewe limetoka huko. Na usiruke mistari.

Unajua kwamba yule Bwana Harri, fundi wa kombaini pale shambani Hanang, ndiye aliyenileta huku kumtunzia shangazi yake ng'ombe. Alinichagua mimi katika watu wote. Wapwa zangu wanasema ni kwa sababu nilikuwa karibu na mlango siku hiyo. Waache waseme. Shangazi mwenyewe ni Bibi Margreti, mjane, umri kama wa mama yako, na nyumba anayokaa sijawahi kukueleza vizuri kwa sababu nilijua hutaamini. Leo nakueleza. Imejengwa na babu wa babu wa babu wa mume wake, kwa mawe, na wafalme wamelala humo, mmoja alilala siku mbili kwa sababu alipotea akitafuta mlango wa kutokea. Vyumba nilianza kuvihesabu mwaka juzi nikaacha. Kuku akitaga upande wa jikoni, ukitoka sebule ya mbele kwenda kuokota yai, unamkuta ameshaangua na vifaranga vinatembea. Madohani ya moshi peke yake ukiyasimamisha moja juu ya lingine, unaufikia Mlima Hanang mabegani.

Sasa nyumba hiyo ilikuwa inauzwa. Bibi Margreti hawezi tena. Paa linavuja sehemu nyingi, kuni za kuipasha moto zingetosha Mbulu mjini nzima, na watoto hana. Akaletwa dalali, kijana mwenye tai nyekundu na viatu vyenye ncha, akaandika tangazo gazetini. Nililisoma mwenyewe kwa kamusi, jioni mbili. Limesema ni jumba la kihistoria, linafaa kwa matumizi mbalimbali: hoteli, shule, ofisi, nyumba ya wazee, hata harusi. Nikajiambia, kumbe Wazungu ndiyo kwanza wanagundua! Kwetu nyumba moja ni jiko, ni zizi, ni ghala, ni chumba cha kulala, na siku ya jumuiya ni kanisa, na hakuna aliyewahi kuiandika gazetini.

Lakini Mama Bura, mwaka mzima hakuna aliyenunua. Walikuja, wakatazama dari, wakaondoka. Mwishoni Bibi Margreti aliniita jikoni, akanimiminia chai mwenyewe, nikajua ni jambo baya. Akasema, "Paskali, mnunuzi asipopatikana mpaka Pasaka, naenda kukaa kwa dada yangu. Nyumba itafungwa. Ng'ombe watachukuliwa na mchinjaji."

"Wote kumi na mmoja?"

"Wote. Na wewe nitakukatia tiketi ya kurudi kwenu."

Hapo utasema, sawa, si ndicho nilichotaka? Subiri. Hao ng'ombe nimewakamua kwa mikono hii tangu nifike. Na wewe unakumbuka nilivyoaga pale mbele ya kanisa, niliyoyasema. Nilisema nitarudi nikiwa mtu ambaye akiingia mahali watu watanyanyuka. Ningerudi na begi lile lile na habari kwamba ng'ombe niliowalinda wameliwa. Sikulala vizuri wiki nzima, na mimi unajua ninavyolala.

Sasa, wiki iliyopita dalali akapiga simu kwamba watu wawili wanakuja kuiona nyumba asubuhi moja. Mmoja ni bwana mwenye mahoteli. Mwingine ni mama mmoja, mwalimu mkuu, Bibi Dorothi. Dalali akanipa maagizo yangu. Nivae koti jeusi, nifungue mlango, niinamishe kichwa, nisiseme kitu. Akaongeza, "Hasa wewe, Paskali. Kitu chochote kile." Nikamwambia mimi nikiamua kunyamaza, hata kaburi litajifunza kwangu. Akakata simu.

Usiku huo theluji ilianguka. Wewe umeona unga wa ngano unavyomwagika gunia likipasuka? Fikiria magunia yote ya Basotu yamepasuka juu mbinguni kwa pamoja. Asubuhi nilipokwenda bandani, paa lilikuwa limelala chini kwa uzito. Ng'ombe kumi walikuwa wamejibana ukutani upande uliobaki, salama. Wa kumi na moja, Deizi, yule mwekundu, alikuwa amesimama nje kwenye theluji mpaka magotini, mkia umeinuka, anahangaika. Siku zake zilikuwa bado wiki moja. Yeye hakuwa na habari hiyo.

Nikuulize, Mama Bura. Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Ng'ombe anazaa, nje baridi, na nyuma yako kuna nyumba kubwa yenye moto. Sikuwaza hata mara moja. Mama yangu alinizaa upande mmoja wa nyumba na ng'ombe wetu akazaa upande wa pili, wiki ile ile, na kila mtu alikunywa uji. Nikamshika Deizi pembe, nikampitisha mlango mkubwa wa bustanini, nikamwingiza kwenye ukumbi wa kuchezea dansi.

Ukumbi huo sakafu yake ni mbao zilizopakwa nta, unajiona uso. Kuna taa ya vioo inaning'inia, kubwa kama tela la trekta. Nikatandaza majani makavu ya ngano marobota matatu ili asiteleze, nikachochea moto kwenye lile meko la ukutani. Deizi akanusa sakafu ya mabwana wakubwa, akainua mkia, akafanya alilofanya. Nikamwambia, haya, umeshakaribishwa.

Bibi Margreti alikuja na fimbo yake akasimama mlangoni. Nikadhani nimekwisha. Akatazama, akasema, "Mume wangu angekasirika sana." Halafu akasema, "Mfungie pazia, upepo unapita dirisha lile." Yule bibi angeolewa Tumati angefaa.

Nilivua koti jeusi, nikakunja mikono ya shati. Nikatia mkono, nikagusa, nikajua kuna kazi. Ndama alikuwa ametanguliza miguu ya nyuma. Na hapo hapo nikasikia gari nje.

Mlango ukafunguliwa na dalali mwenyewe, anaimba sifa: "Na huu ndio ukumbi wa dansi, ambao mabwana na mabibi..." Akakatika. Nyuma yake bwana wa mahoteli, koti la manyoya. Nyuma yao mama mrefu mwembamba, miwani, buti za mvua.

"Paskali!" dalali alipiga kelele. "Hiki ni nini?"

Niliagizwa nisiseme kitu. Lakini nimeulizwa. Nikasema, "Ni ng'ombe, bwana."

Bwana wa mahoteli akatazama viatu vyake, akatazama alipokuwa amekanyaga, akasema maneno ambayo kamusi yangu haina. Akageuka. Dalali akamkimbilia huku anaomba radhi, anateleza kwenye nta. Nikasikia gari linawaka, linaondoka. Nikajua hiyo ilikuwa hoteli, imekwenda. Mama Bura, moyoni nilisema Paskali umewauza ng'ombe wa bibi wa watu kwa mchinjaji kwa mikono yako mwenyewe.

Lakini mikono ilikuwa na kazi. Nilikuwa nimeshafunga kamba miguuni mwa ndama na peke yangu nguvu hazitoshi. Nikasikia sauti, "Nishike wapi?" Ni yule mwalimu mkuu. Ameshavua koti, amelitupa juu ya kinanda cha wafalme.

Nikamwambia, "Shika hapa, mama. Yeye akisukuma tuvute. Akipumzika tupumzike. Usimpite."

"Nimekuelewa."

Tukavuta. Bibi Margreti kashika kichwa cha Deizi, anamwimbia wimbo wa kanisani. Ndama akatoka kwa mara moja, tukaanguka chali mimi na mwalimu mkuu juu ya majani. Hakupumua. Nikamwinua miguu juu, nikamsafisha pua, nikamsugua mbavu kwa shati langu. Kimya. Nikamsugua tena. Nitakwambia ukweli, hapa siongezi chumvi: nilisali kwa Kiiraqw, kwa sababu sikuwa na muda wa kutafuta lugha nyingine. Akapiga chafya. Jike, mwekundu kama mama yake.

Tulikaa pale sakafuni wote watatu tukamtazama anajaribu kusimama kwenye nta. Miguu inakwenda huku na huku. Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani akafuta machozi. Halafu akaniuliza, "Bwana Paskali, nyumba hii ingekuwa yako, ungeitumiaje?"

Watu wote waliokuja mwaka mzima, hakuna aliyeniuliza. Nikamjibu kama ninavyojua. Nikamwambia ng'ombe kwanza, wakae upande wa upepo mdogo, karibu na watu, maana joto lao ni lako. Wazee karibu na moto. Ghala juu, panapokauka. Watoto katikati, wasikie kila kitu. Na chumba kisicho na mtu kisifungwe, kipewe mtu. Nikamwambia nyumba hii haiuziki kwa sababu mnaionyesha ikiwa tupu. Nyumba tupu ni mawe tu.

Akavaa miwani yake tena. Kumbe yeye anatafuta mahali pa kuweka shule ya watoto wa mjini, watoto ambao hawajawahi kugusa ng'ombe, wengine wanadhani maziwa hutengenezwa kiwandani. Akasema, "Nilikuwa na nyumba tatu za kuchagua. Sasa nina moja." Dalali aliporudi na tai iko mgongoni, alikuta wameshapeana mikono na Bibi Margreti. Leo anawaambia watu kwamba ng'ombe ilikuwa mbinu yake.

Karatasi zimetiwa sahihi juzi. Bibi Margreti anabaki na vyumba viwili vya chini mpaka mwisho wa maisha yake. Ng'ombe wanabaki wote, sasa kumi na wawili. Na mimi, Mama Bura, mimi Paskali wa darasa la nne, nimeombwa niwe mwalimu. Mwalimu wa mifugo! Watoto watakaa mbele yangu na madaftari. Waambie wapwa zangu pale shamba la ngano, hasa yule anayejiita Mhandisi. Mwambie mjomba wake sasa akiingia darasani watu wananyanyuka.

Mkataba ni miaka mitatu. Karatasi yake iko mezani hapa ninapoandika, karibu na taa. Sijaweka sahihi.

Bibi Dorothi aliniuliza nasubiri nini. Nikamwambia, kuna mtu Tumati ambaye hajaulizwa. Akaniambia familia inaweza kuja, shule italipa safari, kuna nyumba ndogo ya vyumba vitatu pale getini na bustani nyuma yake, udongo mweusi, mboga za majani zitakubali. Akauliza barua inachukua muda gani. Nikasema wiki tatu kwenda, wiki tatu kurudi, na katikati siku za kufikiri, kwa sababu mke wangu hafanyi jambo kwa haraka. Akasema atasubiri.

Nimekwambia siku zote huku ni kuzuri. Ni kuzuri. Lakini pia naongea na ng'ombe kwa sababu hakuna mwingine wa kuongea naye lugha yetu, na wao hawabishi. Mimi nimezoea mtu wa kunibishia.

Mpe mama yako shikamoo yangu, umshike mikono yote miwili. Kaka yangu Tluway, aliyechukua mahali pa baba, mwambie nimemheshimu kwa kutoamua peke yangu. Dada yangu Elizabeti wa Mogitu, aliyekuwa anasema sitafika hata Arusha, msalimie mara mbili. Bura mwambie baba yake anamsifu kwa watu hata asipoandika. Padri pia, na umwambie asikuandike mjane kwanza.

Sasa jibu la swali lako. Ukisema nirudi, nairudisha karatasi, napanda ndege kabla ya Pasaka, na sitalalamika hata siku moja, na wewe unajua kunyamaza kwangu kuna thamani gani. Ukisema unakuja, nitaanza kulima ile bustani theluji ikiyeyuka. Lakini usimwambie Bura aandike. Nimesikia kwamba unahudhuria kisomo cha watu wazima na umeshavuka herufi zote. Niandikie mwenyewe, kwa mkono wako, hata mistari ikipanda na kushuka. Sihitaji barua ndefu. Andika "njoo" au andika "nakuja", nami nitajua la kufanya na hii kalamu.

Ni mimi mume wako,
Paskali, Baba Bura