Macho Niliyoyachora

Mpendwa Chebet,

Salamu kutoka Eldoret. Mahindi yamekauka, na nyumba imenyamaza tangu tumzike nyanya yako.

Umeuliza ile picha yake ya giza, uliyopiga kwa raw, yaani faili ghafi la kamera, unaweza kuiongezea mwanga kiasi gani.

Nikiwa kijana mwenye studio, nilimpiga picha mtoto wa mama mmoja wa mji wa Turbo, na filamu ikakosa mwanga. Kabla hatujarudia, mtoto akafa. Mama akaniomba, "Nitolee uso wake tu."

Nikaosha picha mara nyingi. Uso ukatokea, lakini macho hayakuwepo. Nikayachora kwa brashi.

Mama akaiangalia sana. "Ni macho mazuri," akasema. "Lakini si yake." Akaichukua, maana hakuwa na nyingine.

Miaka ikapita, tukakutana sokoni. Akaniambia, "Siku hizi nikimkumbuka mtoto, naona yale macho yako."

Raw huficha mengi gizani, kwa hivyo ongeza mwanga polepole. Ukiona chengachenga tupu mahali pa macho, wacha hapo. Macho ya nyanya yako bado nayakumbuka, na sitaki kupewa mengine.

Babu yako